Kuna Kitu Kidogo Tu

Shangazi yangu hajawahi kumwomba mtu radhi kwa sababu ya lile geti, na mimi sitamwombea leo. Yeye ni muuguzi mkuu wa kituo chetu cha afya, mwaka wa thelathini na nne sasa. Mimi ni daktari wa hapo hapo. Kwenye karatasi mimi ndiye mkubwa wake, na karatasi yenyewe iko kabatini, haijawahi kumtisha mtu.

Kila baada ya wiki nane chuo kinatuletea wanafunzi wanne wa udaktari, wa mwaka wa tano, waje kujifunza kazi ya daktari wa familia wa kijijini. Ni kazi ya kumtibu bibi, mama mkwe na mtoto mchanga wa nyumba moja asubuhi moja, huku ukijua kwamba bibi na mama mkwe hawasemezani. Wanafunzi wanashuka na mabegi yao na sura za watu waliohukumiwa. Huko chuoni sehemu kama yetu wanaiita pembezoni. Niliwahi kuuliza kwenye mkutano, pembezoni mwa nini? Wakacheka, wakidhani natania.

Sheria ya shangazi kwa wanafunzi ni moja. Mgonjwa akishaonwa, mwanafunzi anainuka, anaacha kalamu na faili mezani, na kumsindikiza mpaka getini, mikono mitupu. Asiyeweza kutembea anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Kutoka mlango wa chumba namba mbili mpaka getini ni hatua themanini na mbili: unapita benchi la kusubiri, mizani ya watoto, na bomba la kunawia mikono ambalo halijawahi kufunga sawasawa. Njiani hakuna kuulizana ugonjwa. Ongea habari za mvua ukitaka, au nyamaza. Mkifika, mgonjwa akishaweka mkono kwenye geti, unasimama na kusubiri.

Hapo ndipo neno lenyewe linapotoka.

“Haya daktari, asante sana. Ila… kuna kitu kidogo tu.”

Mtu amekuja kwa mafua, anasubiri saa tatu kwenye benchi, anaandikiwa dawa, anashukuru. Getini anakwambia ana wiki mbili anakojoa damu. Mama ameleta mtoto anayeharisha, na getini, akimfunga mtoto vizuri mgongoni ili asikutazame usoni, anakwambia kwamba mkono wake yeye mwenyewe haukuumia kwa kuanguka. Ndani hawasemi. Ndani kuna meza, kuna koti jeupe, kuna mwenzake anayekohoa nje ya mlango. Getini mtu ameshaanza kwenda nyumbani, na anaona bora aseme kuliko kurudi nalo.

Siku ya kwanza ya kila kundi, shangazi huwapanga wanafunzi palepale getini na kuwaambia sheria hiyo imetoka wapi. Huwaambia bila machozi na bila kutia chumvi. Akiwa na mwaka wa pili kazini, foleni ikiwa imefika barabarani, wifi yake alimletea mtoto mwenye kikohozi. Akampima mtoto, akampa dawa. Wifi akashika kitasa cha mlango, akageuka. “Wifi, kuna kitu kidogo…” Shangazi akamjibu akiwa ameshaanza kuandika jina la mgonjwa anayefuata: “Siku nyingine, wifi. Si tutaonana nyumbani?” Nyumbani walionana kila Jumapili. Lakini nyumbani kulikuwa na mume wa wifi, na wakwe, na watoto, na masufuria, na nani atasema mbele ya watu wote hao kwamba ana uvimbe kwenye titi? Miezi saba ilipita. Wifi aliporudi kituoni, uvimbe ulikuwa umeshapasuka.

“Huyo mtoto wa kikohozi,” shangazi humalizia, akininyooshea kidole, “ndiye daktari wenu.”

Zamani nilichukia kidole hicho. Kikohozi kilikuwa changu, mama alikuwa wangu, na sikuona kwa nini wageni wanne wenye viatu vipya waambiwe kabla hata hawajaonyeshwa choo. Shangazi alinilea tangu nikiwa na miaka miwili, akanisomesha, akanigombeza mpaka nikawa mtu, na hakuwahi hata mara moja kunificha kwamba yeye ndiye aliyesema siku nyingine. Sasa sikichukii tena. Namheshimu mtu anayeweza kusimama nje juani kila baada ya wiki nane na kulitaja kosa lake kwa sauti.

Katika kundi moja alikuja kijana tuliyempa jina la Msomi. Stethoskopu haikutoka shingoni hata wakati wa kula. Alikuwa na akili kali, hilo silikatai, na ndoto ya kupasua mioyo katika hospitali kubwa yenye lifti. Alipoisikia sheria ya kusindikiza aliwanong’oneza wenzake, kwa sauti ambayo sote tuliisikia: “Sikusoma miaka mitano niwe msindikizaji.” Wenzake wakacheka, kwa kuwa kila mtu anajua msindikizaji ni nani: ni yule anayeingia kwenye mashindano ili wengine washinde.

Siku ya tatu alimsindikiza mzee mmoja mwenye baiskeli, aliyekuja kwa maumivu ya goti. Nusu saa baadaye Msomi akaingia chumba cha wauguzi kifua mbele.

“Muuguzi mkuu, nataka iandikwe kwamba nimekataa hongo.”

“Hongo ya nani?” shangazi aliuliza.

“Yule mzee wa goti. Tumefika getini, akaniambia, daktari, kuna kitu kidogo. Nikamwambia, mzee, hapa hatupokei kitu kidogo. Huduma ni haki yako, nenda salama.”

Wauguzi wawili walilazimika kushika ukuta. Mfagiaji alitoka nje akacheke vizuri. Mimi mwenyewe nilijifunika na faili. Kwani kosa lenyewe lilikuwa la heshima: kijana amefundishwa tangu utotoni kwamba ukisikia “kitu kidogo” ofisini, kuna mkono unakwenda mfukoni. Shangazi peke yake hakucheka.

“Alikuonyesha hela?”

“Hapana. Lakini alisema mwenyewe.”

“Alisema kuna kitu kidogo. Wewe ukamfukuza. Mfuate.”

“Ameshapanda baiskeli, Muuguzi mkuu.”

“Na wewe umepewa miguu.”

Alimkuta darajani, kilomita mbili na ushei, kwa sababu mnyororo wa baiskeli ulikuwa umekatika. Kama usingekatika, sijui. Kitu kidogo cha mzee kilikuwa kidonda chini ya wayo, cha ukubwa wa kifuniko cha chupa, kilichofika karibu na mfupa. Hakikuwa kinamuuma hata kidogo, ndiyo maana alikiita kidogo. Alikanyaga kaa la moto wiki tatu nyuma na hakujua mpaka aliposikia harufu. Tulimpima sukari, na mashine ikatuonyesha namba ambayo Msomi aliisoma mara mbili kwa sauti. Mguu ule upo mpaka leo. Mwenye mguu anapita hapa kila mwezi kupima sukari, na goti bado linamuuma.

Ungetegemea Msomi ashike adabu siku hiyo hiyo. Hakushika. Alikuwa amekimbizwa juani, viatu vimejaa tope, wauguzi wanamwita Bwana Haki Yako. Ijumaa alijaza fomu ya maoni ya chuo, akaandika kwamba kituo kinawapotezea wanafunzi muda kwa kuwafanya wasindikizaji wa wagonjwa, na kwamba anayewafundisha hasa si daktari, ni muuguzi. Najua aliyoyaandika kwa sababu mwezi uliofuata chuo kilituletea barua yenye maneno hayo hayo. Mkaguzi atakuja kutazama kama kituo kinafaa kuendelea.

Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Nafasi yangu ya kazi imefungwa kwenye mafunzo hayo. Tukifutwa kwenye orodha, wanafunzi hawaji, na nafasi ya daktari inahamishiwa mjini pamoja nami. Kituo kinabaki bila daktari, kama kilivyokaa miaka kumi na tisa kabla sijaja. Daktari wa karibu anakuwa mwendo wa saa tano, barabara ikiwa kavu.

Nikaenda kumbembeleza shangazi. Alikuwa stoo, anahesabu chupa za dripu.

“Shangazi, siku moja tu. Mkaguzi akiwepo, wawasindikize mpaka mlangoni. Akiondoka tunaendelea kama kawaida.”

“Ukishavuka lile geti kuingia kazini, mimi si shangazi yako.”

“Muuguzi mkuu, basi. Siku moja.”

Akaiweka chupa aliyokuwa ameshika. “Mama yako nilimwambia siku nyingine,” alisema. “Sina nyingine ya kutoa.”

Nilitoka. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na hasira zaidi na mimi mwenyewe, kwa sababu ombi lile lilitoka kinywani mwangu, si mwa mtu mwingine.

Mkaguzi, profesa wa chuo, alikuja wiki ya saba. Sitamsema vibaya: alikuwa mtu mstaarabu, alimsalimia mfagiaji, alikataa kiti chenye mto. Alikaa kwenye kona ya chumba namba mbili na fomu yake yenye safu tatu, Kusubiri, Kuonwa na Dawa, na simu iliyokuwa inahesabu dakika. Kila mwanafunzi alipoinuka kusindikiza, profesa aliminya simu, na aliporudi akaminya tena, kisha akaandika pembeni ya fomu, mahali pasipo na safu. Msomi naye alikuwa kazini siku hiyo. Alisindikiza kila mgonjwa wake, kimya, bila kutazama kona ile. Sikujua bado kama ni utii au ni kitu kingine.

Saa nane tukakaa, profesa, shangazi na mimi, wanafunzi wamesimama ukutani.

“Dakika nne kwa kila mgonjwa,” profesa alisema. “Leo mmewaona hamsini na mmoja mpaka sasa. Hizo ni zaidi ya saa tatu. Nimeziandika kama muda unaopotea, na sijui niziite nini kingine.”

“Ziite hivyo hivyo,” shangazi alisema. “Ila malizia. Andika muda huo umempotea nani.”

“Dada, mimi sibishani na huruma yako. Lakini hawa watakuwa madaktari. Hatuwezi kuwafundisha kutembea.”

“Wamekuja hapa hawajui.”

Nilimkanyaga shangazi mguu chini ya meza. Akausogeza.

“Pia kuna suala la nani anasaini vitabu vyao vya mafunzo,” profesa aliendelea, bado kwa upole. “Nimeona sahihi yako, si ya daktari.”

“Daktari anasaini walichoandika. Mimi nasaini walichosikia.”

Profesa alifunga fomu. Akasema anasikitika, ila atapendekeza kituo kiondolewe kwenye orodha. Alisema ni uamuzi wa kitaalamu tu. Kisha akainuka, akanipa mkono, akampa na shangazi.

Shangazi aliupokea mkono akiwa amekaa. Akarudi kwenye trei yake ya pamba. “Njia unaijua, Profesa,” alisema.

Chumba kizima kilielewa. Miaka yote ile hakuna mtu aliyetoka pale peke yake. Hata fundi wa paa aliyetuibia mabati alisindikizwa. Mimi nilikaa nimeganda, nikijiuliza niinuke nimkosee shangazi au nikae nizike kituo. Na nilipokuwa bado najiuliza, Msomi akaweka kalamu yake mezani, akavua stethoskopu, na kumfungulia profesa mlango.

Niliwatazama dirishani. Walipita benchi, mizani, bomba. Profesa alikuwa anaongea, mkono mmoja unakata hewa, labda anampongeza kijana kwa ile fomu ya maoni. Getini gari lilikuwa linangoja upande wa nje. Profesa alifungua mlango wa gari, akaweka mguu mmoja ndani. Akabaki hivyo. Msomi alisimama mbele yake, mikono imening’inia mitupu, hasemi neno, kama alivyofundishwa. Profesa akautoa mguu kwenye gari.

Bila kutaka, niliangalia saa ya ukutani. Walikaa pale dakika kumi na moja.

Waliporudi, Msomi alitangulia. Alisimama mlangoni na uso ambao sikuwahi kuuona kwake, uso wa daktari.

“Muuguzi mkuu,” alisema, “kuna mgonjwa mmoja ameongezeka.”

Shangazi hakuinua macho kwenye pamba. “Achukue namba.”

Namba zetu ni vipande vya maboksi ya glavu vilivyokatwa kwa mkasi. Profesa alipewa ya sitini na tatu. Akaenda kukaa kwenye benchi, kati ya mama aliyekuwa ananyonyesha na msichana anayeumwa jino, na kipande chake cha boksi magotini. Nilitaka kumwingiza kwa mlango wa nyuma. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nikajizuia kuingilia. Alisubiri karibu saa mbili. Mbele yake walipita wagonjwa kumi na mmoja kwenda getini, na wanne kati yao walirudi ndani.

Zamu yake ilipofika, nilimwona pamoja na Msomi. Alichosema getini sitakiandika hapa wala popote, maana ni cha mgonjwa wangu. Nitasema tu kwamba alikuwa amekibeba tangu mwaka uliopita, akifanya kazi katika jengo lenye madaktari mia mbili, na kwamba hakikuwa kidogo. Aliondoka na barua ya rufaa mfukoni na miadi ya kesho yake asubuhi.

Na alipotoka chumbani, shangazi aliinuka. Alijifuta mikono, akatembea naye hatua zote themanini na mbili. Aliporudi nilimwuliza kulikoni, si alikuwa amekataa?

“Mgonjwa ni mgonjwa,” alisema. “Mkaguzi ndiye aliyekuwa hana wa kumsindikiza.”

Msomi alimaliza wiki yake ya nane. Siku ya kuondoka aliniambia kwamba bado anataka kupasua mioyo, nisije nikajipa matumaini. Nikamwambia akapasue. Akasema, “Ila mtu akimaliza kuonwa, mimi nitainuka.” Hilo lilinitosha.

Barua ya chuo ilifika baada ya mwezi. Kituo kinabaki kwenye orodha kwa miaka mitatu. Nilipiga kelele mpaka mfagiaji akaja na ndoo akidhani ni nyoka. Nikamkimbilia shangazi stoo na barua mkononi. Akavaa miwani, akasoma mpaka mwisho, akarudia mstari mmoja kwa kidole. Chini kabisa kulikuwa na sharti: kusindikiza kuendelee, lakini kwa wagonjwa wanaohitaji tu.

“Nipe kalamu,” alisema.

“Shangazi, tumeshinda. Acha.”

“Wametupa ruhusa. Nani aliomba ruhusa?” Akanyoosha mkono. Nikampa kalamu. Akaiegemeza barua kwenye boksi la sabuni, na chini ya muhuri wa chuo akaandika kwa ile hati yake kubwa ya shule ya zamani:

*Tuelekezeni jinsi ya kumjua huyo anayehitaji kabla hajafika getini.*

Akasaini: Muuguzi mkuu. Akanirudishia kalamu, akarudi kuhesabu chupa za dripu.

Nilisimama pale na barua. Ningeweza kuificha kwenye droo, na hakuna ambaye angejua. Kituo kimepona, nafasi yangu imepona, miaka mitatu ni mingi. Nilifikiria siku niliyomwomba shangazi siku moja tu. Kisha nikaiegemeza barua kwenye boksi lile lile la sabuni na kuandika chini ya sahihi yake: *Nakubaliana naye. Daktari wa kituo, yule mtoto wa kikohozi.*

Nimeipeleka posta mwenyewe. Kwenye kamati ya chuo hawatajua maana ya maneno hayo ya mwisho. Wakitaka kujua, waje waulizie getini.